Barlaud Yupi?

"Mwaka huu sigombei," alisema Noëlie Barlaud, meya wetu.

Aliyasema hayo mgongo wake ukiwa umenielekea, anakoroga supu ya kabichi. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni kwake, kiti chake nimekipindua miguu juu, nakisuka upya kwa majani makavu. Ndiyo kazi yangu, kusuka vikalio vya viti. Nimeifanya katika vijiji vyote vya Creuse, katikati ya Ufaransa, na kila majira ya baridi huwa narudi Vergnolles, kwa sababu huko nina chumba na huko ndiko ninakopigia kura.

"Umewaambia?" nikamuuliza.

"Nimewaambia tangu mavuno. Wanacheka. Wanadhani nadeka." Akaonja supu, akatia chumvi. "Goti limekwisha, mzee wangu. Claudine ana chumba cha chini kule Clermont, hakina ngazi. Amekipaka rangi. Kila Jumapili ananiuliza, mama, lini?"

"Basi nenda."

"Nitakwenda wasiponichagua. Wakinichagua sitaweza kukataa. Najijua."

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nane, kura za vijiji ni mwezi wa tatu. Siku zile, kwenye vijiji vidogo kama chetu, karatasi ya kura haikuheshimiwa sana. Ulipewa majina kumi na moja ya watakaokuwa madiwani, ukaingia nayo nyuma ya pazia, na kalamu yako mfukoni. Usiyempenda unamkata. Pembeni unaandika umtakaye wewe, hata kama hakugombea, hata kama muda huo yuko zizini anakamua mbuzi na hana habari. Kura zikimtosha, keshakuwa diwani, na madiwani ndio wanaomchagua meya. Sheria hiyo imebadilishwa tangu hapo. Lakini watu wetu waliipenda kalamu ile kuliko mvinyo, na Noëlie aliiogopa kwa sababu aliwajua.

Aliwajua mmoja mmoja. Kabla ya umeya alikuwa mpeleka barua. Alipanda baiskeli, akaja akapewa pikipiki, mwisho gari dogo la manjano, na nyumba zote za mlimani zilimfungulia mlango. Barua za wanajeshi ni yeye aliyewasomea akina mama wasioona vizuri. Lucien, aliyekuja kuwa mumewe, alikuwa Algeria wakati huo kama vijana wote wa rika lake, na barua zake mwenyewe Noëlie alizipeleka mwisho, akazisoma amekaa ukingo wa barabara. Lucien aliporudi hakusimulia neno. Alikaa mezani akitazama mlango, akaendelea hivyo maisha yake yote, na mkewe akazoea kumpakulia upande ule.

Noëlie aliiona kura ya kwanza akiwa na umri wa miaka sita. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vinamalizika, na wanawake walikuwa wameruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza. Bibi yake alivaa gauni jeusi aliloliweka kwa ajili ya kuzikiwa. Akasema, "Kama si leo, nitalivaa lini nikiwa naona?" Akamshika mjukuu mkono mpaka shuleni, kwenye sanduku. Wanaume walikuwa wamesimama mlangoni, wanasukumana kwa viwiko. Mmoja akamuuliza, "Bibi, mumeo kakuambia uandike nani?" Bibi akajibu, "Mume wangu yuko makaburini. Nenda kamuulize, ukipata jibu uniletee." Wiki chache baadaye baba yake Noëlie akarudi kutoka kifungo cha Ujerumani, miaka mitano. Mtoto hakumjua. Alimwita "bwana" mpaka siku ya Noeli.

Noëlie alinisimulia hayo mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa kucheka kidogo. Nadhani umeya aliupokea kwa ajili ya gauni lile jeusi. Hakujua kwamba zamu yake itakuwa ya kufunga milango. Treni ilikatwa akiwa meya. Shule ikafungwa, watoto wakawa wanakwenda kwa basi. Padri alikufa na hakuletwa mwingine. Posta aliyoitumikia mwenyewe ikawa siku mbili kwa wiki, halafu asubuhi moja, halafu ikawa bati lililoandikwa "Posta" na mlango usiofunguka. Kila mara barua ilitoka juu serikalini, yeye akaenda mjini kubisha, akapewa kahawa na maneno matamu, akarudi. Na watu wakaja jikoni kwake kulalamika, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga.

"Nimeozesha watu wachache," aliniambia, "nimezika kijiji kizima."

Mtu wa kumrithi alimtafuta mwenyewe. Aliitwa Gaudel, dereva wa treni aliyestaafu, mkewe ni wa kwetu. Mtu mpole, mrefu, anayevua kofia hata akiongea na simu. Alikuwa ameishi Vergnolles miaka kumi na zaidi, lakini bado aliitwa Mparisi. Alikubali kuongoza ile orodha ya watu kumi na moja, na Noëlie akafurahi, akamwambia bintiye anunue pazia la kile chumba.

Halafu likaja gari la mkate.

Tangu duka lifungwe, gari la mkate ndilo baraza letu. Linasimama uwanjani, linapiga honi, watu wanatoka na mifuko yao. Ilikuwa wiki moja kabla ya kura. Raymond Teillet, mfugaji wa ng'ombe, mtu mwenye sauti ya kuita mifugo bonde la pili, alikuwa ameegemea gari, mikate yake kwapani.

"Mparisi atatuua kwa mikutano," akasema. "Jana kanipita barabarani, ananiuliza nina maoni gani kuhusu mtaro. Maoni! Mtaro ni mtaro!"

"Si Mparisi, ametoka Vierzon," akasema Ghislaine, karani wa ofisi ya kijiji.

"Vierzon, Paris, kote huko ni kwenye treni. Mimi usiku ng'ombe wangu akitumbukia kisimani nimwamshe nani? Huyo atavaa tai kwanza."

"Noëlie amesema amechoka, Raymond."

"Nani hajachoka? Mimi sijachoka? Tumkate Mparisi, tumwandike Barlaud. Atanuna siku mbili, ya tatu atavaa mshipi wake wa umeya. Mwanamke yule akikosa kazi atakufa."

Watu wakacheka, mwuza mkate naye akacheka. Pembeni, karibu na kisima, alikuwapo Fulgence, anaingoja zamu yake. Hakucheka. Lakini Fulgence hakucheka kamwe, na kwa dhihaka walimwita Chiriku, ndege wa kelele, kwa sababu alikuwa na maneno machache kuliko jiwe. Hata watoto walimwita mzee Chiriku. Alinunua nusu mkate wake akaondoka.

Huyo Fulgence alikuwa ndugu wa marehemu Lucien, kwa hiyo shemeji yake Noëlie, na wawili hao hawakuwa wamezungumza kama ndugu tangu mazishi. Nilikuwapo kwenye mazishi hayo. Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, Wekundu, yaani wasoshalisti, waliposhinda nchi nzima. Mwezi wa tano tulicheza dansi uwanjani mpaka kinanda cha mkono kikapasuka. Lucien alicheza akikohoa, kwa sababu vumbi la mawe lilikuwa limemjaa kifuani. Mwezi wa kumi na moja akafa. Alikuwa mwashi, Mwekundu kama baba yake na babu yake, na alikuwa amemwambia mkewe, "Usinipitishe kanisani." Mama yao mzee alimwangukia Noëlie miguuni amruhusu padri aseme japo maneno mawili. Noëlie alilia naye, lakini alikuwa ameahidi. Jeneza likatoka nyumbani likaenda moja kwa moja makaburini, bendera ya chama cha waashi mbele, kengele kimya. Tulipopita kanisani, mama alikuwa amesimama mlangoni peke yake, mshumaa mkononi, upepo umeuzima. Fulgence aliuacha msafara, akaenda akasimama na mama yake.

Kuanzia siku ile hakumwita tena shemeji. Alimwita "Bibi Barlaud", na alipochaguliwa, "Mheshimiwa Meya". Akija ofisini kwa cheti, anasimama mlangoni: "Mheshimiwa Meya, naomba." Nyumba zao zilitazamana, uwanja katikati. Yeye akipasua kuni, yule anasikia.

Jioni ya gari la mkate nilimwambia Noëlie niliyoyasikia. Alikaa kwenye kile kiti nilichokuwa nimekimaliza, akakipapasa.

"Umekisuka kimekaza," akasema. Halafu, "Wataandika?"

"Wataandika."

"Nitazunguka niwaombe, basi."

Alizunguka kweli, na goti lake lile. Nyumba kwa nyumba kama zamani za barua. Wote walimkaribisha, wakamtilia kahawa, wakamwambia, "Hatukuandiki, Mama Meya, ondoa shaka." Na alipokuwa anatoka wakamwambia, "Ila, tukiwa bado na wewe hapa, lile bomba la juu linavuja."

Jumapili ya kura ilinyesha mvua nyembamba. Tulipigia darasani, shule iliyofungwa, ramani ya nchi bado ukutani. Noëlie ndiye msimamizi, mshipi wa rangi tatu kifuani, pembeni yake Raymond na Ghislaine. Sheria inataka meya asimamie hata kura ya kumwondoa. Watu waliingia nyuma ya pazia wakakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajiwa mtu kukunja karatasi. Tulisikia kalamu.

Saa kumi na mbili jioni sanduku likafunguliwa. Kwetu watu hubaki kutazama. Ni kama ibada, tena ndiyo pekee iliyobaki. Tulikaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti kidevuni. Gaudel alikaa mbele, kofia mapajani. Ghislaine akawa anafungua na kusoma, Raymond anapiga mistari ubaoni.

Majina kumi yalikwenda vizuri. Lakini kila Ghislaine alipofika juu ya karatasi, pa Gaudel, sauti yake ilipungua.

"Gaudel. Gaudel. Hapa amekatwa. Barlaud. Amekatwa. Barlaud. Gaudel. Barlaud."

"Soma kwa sauti, Ghislaine, hatuko msibani," akasema Raymond, chaki ikicheza mkononi.

"Barlaud. Barlaud. Hapa wameandika Barlaud, halafu wamechora ua."

Noëlie alikuwa anatazama meza. Gaudel hakusogea. Mkewe alimshika mkono, akauacha ushikwe. Kila mara Ghislaine aliposema "Barlaud" nilimwona Noëlie akiteremka kidogo ndani ya koti lake, kama mtu anayepakizwa magunia.

Hesabu ikaisha. Gaudel alikuwa amevuka nusu, kidogo. Barlaud alikuwa amempita, maana wengine hawakumkata Gaudel, walikata jina lingine ili wamwandike. Nafasi ni kumi na moja, na ile ya mwisho ilikuwa ya mmoja wao.

"Haya!" akasema Raymond, akageuka na mikono yake myeupe ya chaki. "Kijiji kimesema. Mama Meya, unune basi, tunakupa siku mbili."

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa upendo, hilo siwezi kulikana. Gaudel naye alipiga, yule maskini. Noëlie akainuka, ameegemea meza kwa mikono miwili. Alifungua kinywa, na nikajua atakachosema, maana alikuwa ameniambia mwenyewe: wakinichagua sitaweza.

"Ngoja," ikasema sauti ya nyuma.

Tukageuka. Ilikuwa sauti isiyozoeleka, imeshika kutu. Chiriku alikuwa amesimama karibu na jiko la kuni, kofia kichwani.

"Barlaud yupi?" akauliza.

"Nini?" akasema Raymond.

"Umesoma Barlaud. Nauliza, yupi?"

"Yupi! Sikilizeni huyu. Barlaud ni Barlaud, nani mwingine?"

"Mimi naitwaje?"

"Chiriku!" wakaitikia watu watano pamoja, na darasa zima likaangua kicheko.

Akangoja wamalize. "Kwenye kitambulisho naitwaje? Ghislaine, wewe ndiye uliyeniandikia."

Ghislaine akamwangalia, akaangalia karatasi. Nikaona uso wake ukibadilika. "Barlaud," akasema polepole. "Barlaud Fulgence."

Kicheko kikakatika. Ndipo tulipoona tulichofanya. Vergnolles hakuna anayejisumbua na jina la kwanza; ukisema unakwenda kwa Barlaud, ni kwa meya, basi. Na Fulgence tulikuwa tumemwita Chiriku muda mrefu mno, tukasahau kwamba ana jina, na kwamba ni lile lile.

"Ghislaine, zimeandikwa Noëlie ngapi?" akauliza Gaudel kwa upole.

"Chache. Vidole vya mkono mmoja."

"Upuuzi!" Raymond akapiga meza. "Kila mtu humu anajua tulimaanisha nani. We Chiriku, nani akupigie kura wewe? Hata mbwa wako hawezi kukupigia!"

"Mbwa wangu ana akili, hapigi kura," akasema Fulgence. "Lakini mimi nazitaka. Kura zimesema Barlaud, na mimi ni Barlaud. Nimekubali kuwa diwani. Nikiwa meya, Raymond, kitu cha kwanza ni ile njia ya nyuma ya makaburi unayopitisha ng'ombe. Naifunga."

"Huwezi!"

"Nitaweza. Nitavaa na mshipi."

Watu wakaanza kucheka tena, safari hii kwa namna nyingine, huku wakimtazama Raymond. Raymond alitazama ubao, akatazama karatasi, akatazama ile chaki. Unaweza kumwona mtu akiwaza ng'ombe.

"Basi sheria inasemaje?" akauliza, sauti imeshuka.

Ghislaine akasema jina lisilojulikana ni la nani halihesabiwi kwa yeyote, ila walio mezani ndio wanaoamua. Wakamgeukia Noëlie. Alikuwa bado amesimama.

"Mimi najua walimaanisha nani," akasema. "Siwezi kusema sijui. Ningekuwa nadanganya."

Huyo ndiye Noëlie. Mlango umefunguliwa mbele yake, yeye anauliza kama ana haki ya kupita.

Fulgence akaja mbele, akipenya katikati ya vile viti vidogo, akasimama mbele ya meza. Akavua kofia.

"Hujaulizwa wewe unajua nini," akasema. "Umetufungia treni, umetufungia shule, umetuzikia watu, na si wewe uliyeyataka. Kaa chini, shemeji. Umechoka."

Noëlie alimtazama. Akakaa. Hakuketi kama meya anayerudi kwenye kiti chake. Alikaa kama mtu aliyeshushwa mzigo na bado hajajua aweke wapi mikono.

"Raymond," Ghislaine akasema, "wewe unasemaje? Tumebaki mimi na wewe wa kuamua."

"Mimi najua yule ni kichaa, njia ataifunga kweli," akasema Raymond. Akachukua kitambaa, akafuta mistari ya Barlaud ubaoni, pole pole, kuanzia chini. "Bora Mparisi. Angalau yeye ataniuliza maoni."

Ijumaa iliyofuata madiwani wakamchagua Gaudel. Alivaa mshipi kinyume, nyekundu ikakaa shingoni, na Noëlie akamgeuzia mwenyewe, buluu juu, akampigapiga bega kama anavyofanyiwa mtoto anayepelekwa shule. Hakusema hotuba. Alisema, "Bomba la juu linavuja," akampa ufunguo wa ofisi.

Niliondoka Vergnolles siku ile ile aliyoondoka Noëlie, maana majira yangu ya njia yalikuwa yamefika. Basi la Clermont linasimama njia panda, nje kidogo ya kijiji. Fulgence alibeba sanduku la Noëlie. Walikwenda kwa mwendo wa goti, mimi nyuma na furushi langu la majani. Walipofika makaburini wakaingia. Noëlie akasimama kwa Lucien, Fulgence kwa mama yake, makaburi mawili yaliyoachana hatua chache tu. Halafu, bila kuambizana, wakabadilishana nafasi.

Tulipopita kwa Teillet, Raymond alikuwa uani, anaosha ndoo.

"Mama Meya!" akaita. "Mama Meya, taa ya njia panda imezimika tena! Na nyumba ya akina Courty maji hayatoki!"

Noëlie akasimama. Nilimwona mkono ukienda mfukoni, kule alikokuwa akiweka funguo, na uso ukigeuka nusu.

Fulgence akamshika kiwiko.

"Twende, shemeji," akasema. "Basi halingoji."